Deni huvuka mpaka, hukumu husalia nyuma: kwa nini mikopo ya biashara ni migumu kudaiwa Afrika Mashariki

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, kuanzia Mogadishu hadi Kinshasa. Ndani yake bidhaa, magari ya mizigo na fedha huvuka mipaka usiku na mchana. Hukumu ya mahakama haivuki kwa wepesi huo. Benki au mfanyabiashara aliyeshinda kesi ya madai nchini mwake hulazimika kuanza safari ya pili ikiwa mdaiwa, au mali inayoweza kuuzwa ili deni lilipwe, iko ng'ambo ya mpaka.

Safari hiyo ya pili ndiyo inayowachosha wadai wengi. Huchukua miaka, hugharimu mawakili katika nchi mbili, na mara nyingine huishia mikono mitupu. Makala hii inaeleza namna madeni ya biashara yanavyovuka mipaka ya eneo hili, sheria zinazotumika kuyadai, kesi zilizoonesha ugumu wake, na njia zilizopo za kupunguza hasara.

Deni huvukaje mpaka

Njia ya kwanza ni mkopo wa benki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 benki kubwa za ukanda huu zimefungua matawi na kampuni tanzu katika nchi jirani. KCB ya Kenya iliingia Tanzania mwaka 1997, kisha Sudan Kusini, Uganda, Rwanda na Burundi. Equity ilifuata njia hiyo na mwaka 2020 ikanunua hisa nyingi za benki ya BCDC nchini Kongo. CRDB ya Tanzania ilifungua milango Bujumbura mwaka 2012, na baadaye Lubumbashi.

Kampuni tanzu hukopesha kwa sheria za nchi ilipo, na ikimdai mtu humdai katika mahakama za nchi hiyo hiyo. Ugumu huanza mkopo unapokuwa mkubwa kuliko mtaji wa kampuni tanzu. Sheria za benki huweka ukomo wa fedha ambazo benki moja inaweza kumkopesha mteja mmoja. Mteja akihitaji zaidi, benki mama iliyo nchi nyingine huongeza fedha zake. Huo ndio mkopo wa pamoja: mkopaji mmoja na wakopeshaji wawili au zaidi, na baadhi yao hawana leseni ya kuendesha benki katika nchi ya mkopaji.

Njia ya pili ni kongwe kuliko benki zote. Ni mali kauli, yaani kumkabidhi mteja bidhaa kwa ahadi kwamba atalipa akishauza. Muuza saruji humwachia mzigo mwenye duka wa upande wa pili, mkulima wa mahindi humwachia mnunuzi aliyekuja na lori, na kiwanda huzipa maduka makubwa bidhaa za miezi miwili au mitatu kabla ya malipo. Mali kauli haiitwi mkopo, lakini mbele ya sheria ni deni sawa na deni la benki. Tofauti ni kwamba mara nyingi halina dhamana, na ushahidi wake ni daftari, ankara au ujumbe wa simu.

Hukumu husimama mpakani

Msingi wa sheria ni mmoja kila mahali: amri ya mahakama ina nguvu ndani ya nchi iliyoitoa. Dalali wa mahakama aliyetumwa na Mahakama Kuu ya Nairobi hawezi kukamata ghala lililoko Bukavu. Ili hukumu ifanye kazi nje ya nchi ilikotolewa, mahakama ya nchi ya pili lazima iitambue kwanza.

Katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, utambuzi huo unategemea orodha. Kenya ina sheria ya mwaka 1984 ya kutekeleza hukumu za kigeni kwa misingi ya kurudishiana. Nchi zilizomo katika orodha yake ni Australia, Malawi, Ushelisheli, Tanzania, Uganda, Zambia, Uingereza na Rwanda. Mwenye hukumu ya mojawapo ya nchi hizo huomba Mahakama Kuu ya Kenya iisajili, na ni lazima aombe ndani ya miaka 6 tangu ilipotolewa. Ikishasajiliwa, hutekelezwa kama hukumu ya Kenya yenyewe.

Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Somalia hazimo katika orodha hiyo, ingawa zote ni wanachama wa Jumuiya. Kwa maneno mengine, hukumu kutoka Lusaka, nje ya Jumuiya, ina njia fupi zaidi ya kutekelezwa Nairobi kuliko hukumu kutoka Bujumbura.

Hata hukumu ya nchi iliyo katika orodha inaweza kupingwa. Mdaiwa anaweza kusema kwamba mahakama ya kwanza haikuwa na mamlaka juu yake, kwamba hakupewa taarifa kwa wakati wa kutosha kujitetea, kwamba hukumu ilipatikana kwa udanganyifu, au kwamba inakwenda kinyume na misingi ya haki ya nchi. Hoja ya taarifa ndiyo inayowaangusha wadai wengi wasiojua. Mdai hufungua kesi mjini kwake, wito hutumwa kwenye anwani ya zamani, mdaiwa hafiki, hukumu hutolewa upande mmoja, na karatasi hiyo ikivuka mpaka hukutwa na kasoro hiyo hiyo.

Kwa nchi zisizo kwenye orodha mlango haujafungwa kabisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza kwamba mwenye hukumu ya nchi ya namna hiyo anaweza kufungua shauri jipya, na hukumu yenyewe ikawa ndiyo msingi wa dai. Mdai hahitaji kuthibitisha upya kila ankara na kila mkataba, lakini bado ni kesi mpya, yenye ada mpya na wakili mpya.

Uganda na Tanzania nazo zina sheria za aina hii, na nyingi zilitungwa zama za ukoloni. Uganda ina sheria ya mwaka 1922 na nyingine ya mwaka 1961, na Tanzania ina iliyotungwa mwaka 1935. Zilikusudiwa kuhudumia himaya ya Uingereza, ndiyo maana orodha zake hufuata ramani ya wakati ule.

Burundi na Kongo zilirithi sheria za Ubelgiji, na huko hakuna orodha ya nchi. Mwenye hukumu ya kigeni huomba kibali cha utekelezaji mbele ya mahakama ya nchi hiyo. Mahakama haisikilizi deni upya. Huangalia kama hukumu imekwisha kuwa ya mwisho huko ilikotoka, kama haki ya kujitetea iliheshimiwa, kama nakala ni halali, na kama hukumu haivunji utaratibu wa umma wa nchi. Nyaraka zilizoandikwa kwa Kiingereza huhitaji tafsiri iliyothibitishwa.

Kongo ina upekee mwingine. Tangu Septemba 2012 ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi 17 za Kiafrika zenye sheria moja ya biashara, na mahakama yake ya pamoja iko Abidjan. Sheria ya OHADA inampa mdai njia ya mkato: akiwa na deni la mkataba lililo wazi na lililofikia muda wake, anaweza kumwomba hakimu amri ya kulipa bila kupitia kesi nzima, na mdaiwa ana haki ya kuipinga ndani ya muda uliowekwa. Kwa hiyo mkopeshaji wa Dar es Salaam anayemdai mteja wa Lubumbashi mara nyingine hupata nafuu akianza Lubumbashi moja kwa moja kuliko kushinda kwanza nyumbani na kisha kuisafirisha hukumu.

Kesi ya Kampala iliyotikisa mabenki

Kesi iliyofuatiliwa zaidi katika miaka ya karibuni ilianza Kampala Januari 2020. Kampuni ya Ham Enterprises na wenzake walizishitaki Diamond Trust Bank ya Uganda na ile ya Kenya. Walikuwa wamekopa kwa miaka kadhaa kutoka benki hizo mbili, na walidai kwamba fedha zilikatwa kwenye akaunti zao bila idhini. Benki zilijibu kwamba mkopaji ndiye aliyekuwa bado anadaiwa.

Uamuzi uliotoka Oktoba 2020 haukujikita katika hesabu. Jaji wa kitengo cha biashara cha Mahakama Kuu aliamua kwamba benki ya Kenya ilikopesha nchini Uganda bila leseni ya Benki Kuu ya Uganda, na kwamba benki ya Uganda ilikuwa wakala wake bila ruhusa. Kwa kuwa shughuli nzima ilihesabiwa kuwa haramu, benki ziliamriwa kurudisha fedha zinazokaribia shilingi bilioni 120 za Uganda.

Hofu ilienea upesi. Ikiwa mkopo wa pamoja na benki ya nje ni haramu, kila mkopo wa namna hiyo ungeweza kukataliwa na mkopaji aliyeelemewa. Chama cha mabenki cha Uganda kilitahadharisha kwamba miradi mikubwa ya nchi inategemea fedha hizo, kwa sababu benki za ndani hazina mtaji wa kuigharamia peke yake.

Mei 2021 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu nayo haikukubaliana na rufaa ya mkopaji. Swali la nani anamdai nani likarudi kwenye usikilizaji wa ushahidi. Zaidi ya miaka mitatu ilikuwa imepita kabla ya hesabu zenyewe kuguswa.

Somo lake lina pande mbili. Wakopeshaji walijifunza kwamba uhalali wa mkopo hupimwa kwa sheria za nchi ya mkopaji pia. Wakopaji nao walikumbushwa kwamba wana haki ya kudai hesabu ya kila shilingi inayokatwa kwenye akaunti zao, awe mkopeshaji ni wa ndani au wa nje.

Kampuni tanzu inapofungwa

Mwezi Oktoba 2015 Uchumi, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilitangaza kufunga maduka yake ya Uganda na Tanzania kwa sababu yalikuwa yakiingiza hasara. Wafanyakazi walibaki bila ajira, na nyuma ya rafu tupu wakabaki wenye mali: waliokuwa wameleta maziwa, unga, sabuni na mboga kwa mali kauli.

Wengi wao walidhani wameiuzia Uchumi, jina walilolijua miaka mingi. Mbele ya sheria walikuwa wameiuzia kampuni tanzu iliyosajiliwa nchini mwao, ambayo ni mtu tofauti na kampuni mama ya Nairobi. Deni la kampuni tanzu si deni la kampuni mama, isipokuwa kampuni mama iwe imetia saini ya udhamini. Kampuni tanzu ikifungwa, mdai husalia na friji, rafu na mashine za kuhesabia fedha, na hata hizo hugombaniwa na mwenye jengo, mamlaka ya kodi na wafanyakazi. Kampuni mama yenyewe haikuwa salama: mwaka 2020 wadai wake nchini Kenya waliridhia mpango wa kulipwa sehemu tu ya madai yao.

Nakumatt ilifuata njia kama hiyo kwa kishindo kikubwa zaidi. Ilipokuwa katika kilele ilikuwa na maduka takribani 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 ilianza kuyafunga moja baada ya jingine. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe.

Kampuni ya nchi nne inapofilisika, swali ni nani anayekusanya mali yake na kuigawa. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa ulitoa sheria ya mfano kuhusu ufilisi unaovuka mipaka, ili msimamizi aliyeteuliwa nchi moja atambuliwe nchi nyingine. Uganda iliingiza misingi hiyo katika sheria yake ya ufilisi ya mwaka 2011 na Kenya katika ya mwaka 2015. Nchi za OHADA, Kongo ikiwemo, ziliifuata mwaka 2015. Pasipo na sheria ya namna hii, kila nchi hufilisi kipande chake, na wadai wa nchi yenye mali kidogo huambulia kidogo.

Serikali inapokuwa mdaiwa

Mdaiwa mgumu kuliko wote ni serikali ya nchi nyingine. Kuanzia mwaka 2008 wafanyabiashara wa Uganda waliipelekea serikali ya Juba nafaka na bidhaa nyingine. Wengine walikopa benki mjini Kampala ili kununua mahindi na kukodi malori. Malipo hayakuja kama ilivyoahidiwa, kisha Desemba 2013 vita vikazuka Sudan Kusini. Riba za benki hazikusubiri vita viishe, na baadhi ya wafanyabiashara walipoteza nyumba walizoziweka rehani.

Suluhu haikupatikana mahakamani bali kwa makubaliano ya serikali mbili. Uganda ilikubali kuwalipa kwanza baadhi ya wafanyabiashara hao baada ya madai yao kuhakikiwa, na Sudan Kusini iirudishie fedha hizo baadaye. Wengine waliendelea kupeleka malalamiko bungeni mwaka baada ya mwaka wakiomba nao waingizwe.

Mali ya serikali ya kigeni, hasa ya ubalozi, inalindwa na sheria za kimataifa na haiwezi kukamatwa na dalali. Ndiyo maana wanaouza kwa serikali ya nchi nyingine hushauriwa kutumia barua ya dhamana ya benki, ambapo benki ndiyo inayoahidi kulipa mara nyaraka za mzigo zinapokamilika.

Dhamana iliyo mbali

Benki hupenda dhamana ya ardhi kwa sababu ardhi haikimbii. Lakini ardhi ni jambo ambalo kila nchi imelifungia kwake. Nchini Tanzania mgeni hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na marekebisho ya mwaka 2018 yanataka fedha za mkopo uliodhaminiwa kwa ardhi zitumike kuwekeza nchini humo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99, na ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Uganda nayo haimruhusu mgeni kumiliki ardhi ya kudumu. Mkopeshaji wa nje kwa hiyo hawezi kuichukua ardhi ikawa yake. Anaweza tu kuomba iuzwe kwa mnada, na katika miji midogo ya mpakani wanunuzi ni wachache na bei huporomoka.

Dhamana inayohamishika ina shida ya kinyume chake: inakimbia. Kenya tangu mwaka 2017 na Uganda tangu mwaka 2019 zina sheria na daftari la kuandikisha haki za wakopeshaji juu ya magari, mitambo, mifugo na bidhaa. Daftari la kila nchi linahusu nchi hiyo. Lori lililowekwa rehani Mombasa linaweza kuwa Kasumbalesa juma lijalo, na anayelinunua huko haulizi lolote Nairobi.

Ndivyo ilivyo pia kwa taarifa za wakopaji. Kila nchi ina utaratibu wake wa kutunza kumbukumbu za wanaolipa na wasiolipa. Aliyeshindwa kulipa Kigali anaweza kuonekana msafi Arusha, na mkopaji mwaminifu wa Kigali akihamia Arusha huanza upya kama mtu asiyejulikana. Hasara ni ya pande zote mbili.

Sarafu na vita

Si kila asiyelipa ni mkaidi. Mikopo mingi ya kuvuka mpaka huandikwa kwa dola, wakati mkopaji anauza kwa sarafu ya nchi yake. Desemba 2015 Sudan Kusini iliiacha pauni yake ielee, na kwa siku moja dola ikapanda kutoka takribani pauni 3 hadi zaidi ya 18. Mfanyabiashara wa Juba aliyekuwa na deni la dola 10,000 alilala akidaiwa pauni elfu 30 na kuamka akidaiwa zaidi ya elfu 180. Burundi nako uhaba wa fedha za kigeni umewafanya wafanyabiashara wenye faranga za kutosha washindwe kuzigeuza dola za kumlipa muuzaji wa nje.

Vita navyo hufunga njia za malipo. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, benki za miji hiyo zilifunga milango. Kwa wenye maduka wa Gisenyi na Cyangugu waliokuwa wamewapa mali kauli wateja wa ng'ambo, mdaiwa alikuwa hatua chache tu kutoka mpakani lakini hakuwa na benki ya kutumia wala mahakama ya kushitakiwa.

Usuluhishi: njia iliyo wazi zaidi

Pamoja na vikwazo hivyo, ipo karatasi inayovuka mpaka kwa urahisi kuliko hukumu. Nayo ni tuzo ya usuluhishi. Wenye mkataba hukubaliana mapema kwamba wakigombana, mgogoro wao utaamuliwa na msuluhishi waliyemkubali, na uamuzi wake utawafunga.

Mkataba wa New York wa mwaka 1958 unazitaka nchi wanachama kuzitambua tuzo za nchi nyingine, na sababu za kuzikataa ni chache. Tanzania ilijiunga mwaka 1964, Kenya 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008, na Burundi na Kongo mwaka 2014. Nchi sita kati ya nane za Jumuiya zinafungwa na mkataba mmoja kuhusu tuzo, wakati hazina mkataba mmoja kuhusu hukumu.

Kituo cha usuluhishi cha kimataifa cha Kigali kimekuwa kikifanya kazi tangu mwaka 2012, na cha Nairobi kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha nayo inaweza kuwa msuluhishi ikiwa mkataba unasema hivyo. Haisikilizi madeni ya kawaida ya watu binafsi pasipo makubaliano hayo, jambo ambalo wengi hulikosea wanapoifikiria kuwa mahakama ya rufaa ya nchi zote.

Usuluhishi una gharama. Msuluhishi hulipwa na wenye mgogoro, na kwa deni dogo ada inaweza kulimaliza deni lenyewe. Na bado mahakama ya nchi ya mdaiwa ndiyo inayotoa amri ya kukamata mali.

Wafanyabiashara wadogo

Kwa mama anayevusha samaki, dagaa au vitenge, Mkataba wa New York uko mbali sana. Jumuiya ina utaratibu mwepesi wa forodha kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, lakini haina utaratibu mwepesi kama huo wa kudai dola 2,000 zisipolipwa.

Mara nyingi nafuu iko katika mahakama ya mdaiwa. Kenya ina mahakama za madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 1, ambazo sheria inazitaka zitoe uamuzi ndani ya siku 60. Mgeni hazuiwi kudai humo. Akishinda huko, hukumu haina mpaka wa kuvuka, kwa kuwa iko pale pale mali ilipo.

Kinachomwangusha mfanyabiashara mdogo ni ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yenye jina kamili la mdaiwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kiasi, sarafu, tarehe ya kulipa, saini ya pande mbili na mashahidi inaweza kutosha. Kwa kampuni, jina linalotakiwa ni lile la usajili, si lile lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Malipo ya nusu yaliyofanywa kwa simu ni ushahidi mzuri kwamba deni lilikubaliwa, maadamu kumbukumbu zake zimehifadhiwa.

Wapo wanaokimbilia polisi wa upande wa pili ili mdaiwa atiwe ndani. Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai kwa peke yake, ingawa kudanganya tangu mwanzo ni jinai. Mashitaka ya kubuni huweza kumgeukia mdai na kumfanya yeye ndiye mshitakiwa.

Kinachosubiriwa

Wakati fulani mambo yalikuwa tofauti. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilizihudumia Kenya, Uganda na Tanzania, na majaji wake walitafsiri sheria za mikataba kwa sauti moja. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mahakama hiyo ilikwenda nayo, na kila nchi ikaendelea kivyake.

Mkataba wa Jumuiya ya sasa, katika kifungu cha 126, unazitaka nchi wanachama kuoanisha sheria zao zinazoihusu Jumuiya na kuwianisha hukumu za mahakama zao. Kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi kadiri Jumuiya inavyopanuka, kwa sababu sasa inazikusanya nchi za sheria za Kiingereza, nchi zenye asili ya sheria za Kibelgiji, na nchi zinazojengwa upya baada ya vita. Kuzijumuisha Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia katika orodha za kurudishiana hukumu kungekuwa hatua ndogo ya kisheria yenye faida kubwa sokoni.

Gharama ya kuchelewa hailipwi na benki peke yake. Mkopeshaji anayejua kwamba deni la ng'ambo haliwezi kudaiwa hupandisha riba, hudai dhamana mara mbili ya mkopo, au hukataa kabisa kuvuka mpaka. Anayeumia ni mfanyabiashara mwaminifu wa Bujumbura, Bukavu au Juba, anayetozwa bei ya wasiolipa. Hadi sheria zitakapooanishwa, maswali matatu hubaki kujibiwa siku ya kutia saini: mali ya mdaiwa iko wapi, mkataba unafuata sheria ya nchi gani, na ni mahakama au msuluhishi yupi ataamua. Yakijibiwa baada ya deni kuchelewa, kwa kawaida huwa ni mahakamani, na kwa gharama ya mdai.